Vyombo Vilivyotoka Mchana Kweupe

Siku ya thelathini na tatu ya arubaini yake ya uzazi, akiwa kwa mama yake, Swabra alipewa pole kwa kuachwa na mumewe. Aliyempa ni Kache, muuza mahamri wa pale kona, aliyekuwa amekuja kumwona mtoto na kumletea uji wa pilipili manga. Kache alimpakata mtoto, akambusu utosini, akashusha pumzi ndefu.

"Usijikondeshe, mwanangu. Wewe bado mbichi. Mungu atakupa mwengine, aliye bora kuliko yule Sufyan."

Swabra alidhani hakusikia vizuri. "Mwengine nani, Bi Kache?"

"Mume."

"Mume wa nini? Mimi sina mume?"

Kache akamtazama, akamtazama tena, kisha akamrudisha mtoto kitandani taratibu. "Yallah! Kwani hujaambiwa? Vyombo vyako vilitoka Jumamosi. Kitanda, kabati, meza ya kioo, vyote. Mkokoteni ulipita mbele yangu saa nne za mchana, watu wote wakiona. Mimi nilijua wewe wajua."

Kwa mtu wa mbali hilo lingekuwa jambo dogo, watu huhamisha vitanda kila siku. Lakini mtaani Bofu kila mtoto anajua. Vyombo vya chumbani huja na bibi harusi kutoka kwao, kwa nyimbo na vigelegele, na ni mali yake. Vikitoka nyumbani kwa mume hali mwenyewe hayupo, hakuna anayeuliza tena. Mwanamke ameachwa, na kilichobaki ni kumpa pole.

Sasa Swabra akaelewa mambo ya siku tano nzima. Akaelewa kwa nini wageni walikuwa wakimsemesha kwa sauti ya chini kama mgonjwa, na kwa nini shangazi yake alimkumbatia akalia bila sababu. Akamkumbuka na Sufyan mwenyewe. Jana tu jioni alikuwa ameketi kwenye kile kigoda, amemshika mtoto kidole, anatabasamu peke yake. Swabra alilipenda sana tabasamu lile, akalala nalo moyoni. Leo lilimchoma vibaya mno.

"Mama!"

Bi Mwanatatu, mama yake, aliingia na kibakuli cha mafuta ya kumkandia. Alipoona uso wa bintiye na uso wa Kache, akasimama pale pale mlangoni.

"Ulijua?" Swabra aliuliza.

"Tangu juzi."

"Na hukuniambia!"

"Niliogopa maziwa yatakauka, mwanangu. Nikasema amalize arubaini yake kwanza. Maneno ya mume hayaozi, yatangoja."

"Na kabati lako je, mama?"

"Usinitajie kabati langu." Bi Mwanatatu alikiweka kibakuli chini. Kabati lile la mvule aliolewa nalo yeye mwenyewe, akatoka nalo kwao Jomvu Kuu, na Swabra alipoolewa akampa bintiye wa pekee. Kwa siku mbili alikuwa akililia jikoni, akisingizia moshi.

Swabra alivuta buibui lake ukutani.

"Wenda wapi? Hujatoka arubaini!"

"Aliyeniacha hakungoja arubaini."

Kutoka kwa mama yake hadi kwa mumewe ni vichochoro vitatu tu. Katika kila baraza watu walinyamaza alipokaribia. Swabra hakuwapa nafasi ya kumhurumia. Aliwaamkia mmoja mmoja kwa sauti kubwa, shikamoo bibi, shikamoo babu, u hali gani dada, mpaka wakajibu wapende wasipende. Shingo aliisimamisha.

Mama mkwe wake, Bi Nana, alikuwa barazani akichagua mchele. Alipomwona, ungo ulimponyoka.

"Shikamoo, mama," alisema Swabra, kwa kuwa hata hasira ina adabu yake.

"Marahaba... Ya Rabbi, Swabra! Wafanyani huku? Rudi, mwanangu, rudi! Usiingie saa hizi!"

Na kweli akasimama ukumbini, amenyoosha mikono kuzuia njia. Kama palikuwa na chembe ya tumaini moyoni mwa Swabra, mikono ile miwili iliizima. Akampita kiubavu, akaenda moja kwa moja mpaka chumbani kwake.

Chumba kilikuwa kitupu. Hapakuwa na kitanda, kabati wala meza ya kioo. Katikati palikuwa na ngazi, na juu ya ngazi alikuwapo Sufyan na kikoi kilichokunjwa magotini, brashi mkononi, rangi nyeupe mpaka kwenye ndevu. Alipogeuka akamwona, uso ukang'aa. Halafu akamwona vizuri, mwangaza ukazimika.

"Swabra! Mbona umekuja? Siku hazijaisha!"

"Niambie kwa mdomo wako." Sauti yake ilirudi kutoka kwenye kuta tupu, ikamtisha mwenyewe. "Niko mbele yako. Usiuachie mkokoteni unisemee."

"Nikwambie nini?"

"Umeniacha?"

Brashi ilianguka sakafuni. Sufyan alishuka ngazi vidato viwili viwili. "Nimekuacha? Mimi? Nani kasema?"

"Bofu nzima! Vyombo vyangu vimetoka Jumamosi, mimi niko kwa mama, nimelala na mwanao. Wewe wamwona nani hapa ambaye vyombo vyake vilitoka na yeye hakuachwa? Mtaje mmoja."

Sufyan alikuwa karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo kule bandarini Kipevu, mtu wa hesabu na mpangilio, na ungeona kabisa anavyopiga hesabu kichwani na kufikia jibu asilolitaka. Akajipiga paji la uso, rangi ikabaki pale.

"Astaghfirullahi. Wallahi sikuwaza. Siku ile nilikuwa kazini, ufunguo nilimwachia fundi, nikamwambia avichukue vyombo akavitengeneze. Nilitaka ukirudi siku ya arubaini ukute... Swabra, tazama. Kabla hujasema neno, tazama chumba."

Hakutaka kutazama. Lakini macho hayana mwenyewe, yalitazama.

Chumba kile kilikuwa futi kumi kwa tisa, na yeye alikijua kwa kugongwa nacho. Ilikuwa ukitaka kufungua kabati lazima uketi kitandani. Ukitaka kufunga mlango ulifunge kabati kwanza. Mmoja akivaa, mwenzake husimama ukumbini akingoja zamu. Leo hakikuwa chumba kile. Mlango uliokuwa ukifungukia ndani na kula pembe nzima umeng'olewa, badala yake pana mlango wa kusukuma ubavuni mwa ukuta. Dirisha lililokuwa dogo, juu, lenye kumwonyesha mtu paa la jirani tu, limeshushwa mpaka usawa wa kiuno, na upepo ukaingia wenyewe bila kubembelezwa. Rangi ya kijani iliyokoza imekuwa nyeupe. Dari lililopinda limeondolewa, mtu ananyoosha mkono asiguse kitu. Na katika ukuta wa mawe, mnene kama kuta za nyumba za zamani, vimechongwa zidaka, vishubaka vya kuwekea vitu, safu tatu, virefu na vifupi, vya nguo, vya vitabu na vya manukato. Kioo cha meza yake kimetundikwa ukutani kuelekea dirisha, na ndani yake dirisha la pili lilionekana.

"Kitanda kitakaa pale," Sufyan alisema haraka, akionyesha mstari wa chaki sakafuni. "Kimeinuliwa, chini yake droo nne. Kila kilichokuwa kabatini kitaingia mle. Kabati ndilo lililokuwa likitula, Swabra. Na hapa," akasimama kati ya mstari na ukuta, "hapa ni njia yako. Futi mbili na nusu. Nimepima mara tatu."

"Njia yangu ya nini?"

Sufyan aliinamisha kichwa. "Ulipokuwa na mimba ya miezi minane, ulikuwa ukipita hapa kiubavu. Mkono mmoja tumboni, mmoja ukutani. Mke wangu, chumbani mwake, apita kama mwizi. Kila siku nikikuona naona haya, nikaapa mwanangu akizaliwa hutapita hivyo tena."

Wakatazamana. Siku thelathini na tatu walikuwa hawajawa peke yao chumba kimoja bila mama, shangazi au wageni. Swabra aliiona rangi kwenye ndevu za mumewe, na vidole vyake vikatamani kuibandua. Alimtamani kweli, ndani ya hasira ile ile, na hilo likamzidishia hasira. Akarudi nyuma hatua moja.

"Chumba kizuri," alisema.

Sufyan akatabasamu.

"Na ni nani aliyekuambia nakitaka hivi?"

Tabasamu likakwama.

"Uliniuliza? Ulikuja kwa mama siku thelathini na tatu, kila jioni, ukaketi pale ukachekacheka. Hukuweza kusema, Swabra, nataka kukitoa kitanda chako?"

"Ilikuwa siri. Nilitaka ufurahi."

"Siri kwa nani? Mkokoteni saa nne za mchana, mbele ya kila baraza! Bofu nzima wameona, mimi peke yangu ndiye niliyefichwa. Na mama yako je, alijua?"

Bi Nana alikuwa mlangoni, mtandio mdomoni. "Mwanangu aliniapisha nisiseme," alijitetea. "Watu waliponiuliza nikawaambia, sijui, waulizeni wenyewe."

"Waulizeni wenyewe!" Sauti hiyo ilitoka nyuma yake. Bi Mwanatatu alikuwa amefika, anahema, mtoto kifuani ndani ya kanga. "Mama wa mume akijibu hivyo, Bi Nana, si ndiyo talaka yenyewe imesomwa? Wewe si mgeni wa mji huu! Ungesema tu vyaenda kwa fundi, ungekatika ulimi?"

"Nilikuwa nimekula kiapo, Bi Mwanatatu."

"Na mwanangu akala aibu!"

Mtoto akaanza kulia. Swabra alinyoosha mikono amchukue, na Sufyan akanyoosha yake wakati ule ule, vidole vyao vikagusana juu ya kanga. Swabra ndiye aliyemchukua.

Pale pale, kwa bahati mbaya ya Sufyan, fundi akaingia. Alikuwa Bramwel, seremala kutoka bara aliyefungua karakana karibu na barabara kuu, kijana mchapakazi mwenye penseli sikioni. Kwapani alikuwa amebana uso wa droo uliokwisha kupigwa msasa.

"Niaje, boss. Nimeleta hii ujaribu size kabla nigonge zingine." Akaona wanawake watatu. "Hamjambo, akina mama."

Bi Mwanatatu alikuwa anautazama ubao ule. Katikati yake palikuwa na kitasa kidogo cha shaba chenye umbo la nyota. Akausogelea, akakigusa kwa kidole.

"Hiki ni kitasa cha kabati langu."

"Eh, mama, hiyo mbao ni fiti sana," Bramwel alisema kwa furaha. "Mvule ya zamani. Siku hizi huwezi pata. Tumeikata poa, hakuna kipande imepotea."

"Mmelikata?"

Bi Mwanatatu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotisha. Alimgeukia mkwewe.

"Sufyan, mwanangu. Kabati lile nililifungua siku ya harusi yangu. Nguo za marehemu mume wangu zilitundikwa mle. Nikampa mwanangu, na mwanangu akaja nalo kwako. Hukuniuliza mimi, hukumwuliza yeye. Umelikata."

"Mama, nisamehe. Mbao zote zimo, wallahi. Mvule ule ule ndio..."

"Nimesikia, zimo." Akamgeukia bintiye. "Swabra, twende nyumbani. Mtu huachwa kwa maneno. Wewe umeachwa kwa mkokoteni na msumeno, na huyu asema alikuwa akikupendeza. Hurudi hapa."

"Boss," Bramwel alinong'ona, "kwani nilibeba vibaya? Huku kwenu kitanda hubebwa aje?"

"Nyamaza, Bramwel."

Swabra alisimama kati ya mama yake na mumewe, mtoto begani. Angeweza kuondoka tu. Mama yake angemshukuru, mtaa ungemwelewa, na talaka ambayo haijatamkwa ingekuwa kweli kwa sababu hakuna aliyeikana. Hapo ndipo alipoona jambo lote lilipo. Jambo halikuwa kabati wala kitanda. Yeye ni mke au si mke? Na kama ni mke, mbona hakuna hata mmoja anayelisema hadharani?

"Kesho ni Ijumaa," alisema.

Wote wakamtazama.

"Kitanda kitakuwa tayari?" alimwuliza Bramwel.

"Nikikesha, eeh, madam. Itakuwa tayari."

"Vizuri. Vyombo vyangu vilitoka mchana watu wakiona. Vitarudi mchana watu wakiona. Sufyan, utakichukua kitanda changu kwa fundi watu wakitoka msikitini. Utakipeleka kwanza mpaka mlangoni kwa mama, pale vyombo vyangu vilipoanzia siku ya harusi. Utasema mbele ya watu wote yale unayoniambia hapa. Kisha ndipo kitakuja huku. Na mkokoteni utauvuta wewe. Si Bramwel wala hamali. Wewe."

"Swabra!" Bi Nana aliruka. "Mwanangu karani wa Kipevu! Avute mkokoteni mbele ya watu kama hamali wa sokoni? Watu watasema nini?"

"Watasema ana mke, mama."

"Swabra," Sufyan alisema polepole, "kanzu ya Ijumaa, jua la saa saba, watu wote wa msikiti..."

"Waona haya?"

"Naona haya, ndiyo."

"Basi zionje. Mimi nimeshiba zangu." Akamfunika mtoto uso, akapita mlango ule mpya bila kuugusa. Mlangoni akageuka mara moja tu. "Usipokuja kesho, nitajua wale watu wa barazani walisema kweli."

Ijumaa ilipofika, Bi Mwanatatu alifunga mlango wake kwa komeo, akaapa hatoki. Swabra aliketi ndani karibu na dirisha, pazia limeshushwa, mtoto amelala. Adhana ilikwisha, swala ikaswaliwa. Watu wakaanza kutoka msikitini. Dakika zikapita, na Swabra akaanza kujilaumu. Nimemwomba lisilowezekana, aliwaza. Mwanamume gani hapa Bofu angefanya hili? Hasira yake ilikuwa imemponza, na sasa ndiyo atakayolala nayo.

Kisha akasikia magurudumu.

Alifungua pazia kidole kimoja. Kichochoro kilikuwa kimejaa watu mpaka kwenye baraza. Katikati yao Sufyan alikuwa ameshika mihimili ya mkokoteni, kanzu nyeupe imemganda mgongoni kwa jasho, kofia imemlala upande mmoja. Juu ya mkokoteni kitanda kilikuwa kimesimama, kirefu, chenye droo nne za mvule na vitasa vya shaba vikimetameta. Gurudumu liliingia shimoni, likagoma. Bramwel aliruka kusaidia na Sufyan akamkemea. Akavuta peke yake, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu likatoka. Nyuma kabisa Bi Nana alikuwa akitembea amejifunika uso mzima, lakini alikuja.

Mlangoni Sufyan aliteremsha mihimili, akajipangusa jasho kwa mkono.

"Hodi!"

Ndani hakuna aliyejibu.

"Hodi, mama. Nimekuja na vyombo vya mke wangu." Aligeukia watu, akapaza sauti. "Jamani, nisikizeni. Jumamosi mliona vyombo vikitoka kwangu. Vilikwenda kwa fundi. Swabra sikumwacha jana, simwachi leo, na wallahi sitamwacha. Niliyekosa ni mimi. Nilikata mali yake na mali ya mama yake bila kuuliza, nikamfungulia mlango kila mwenye mdomo. Mwenye neno aniambie mimi, nipo hapa."

Watu waligeuziana macho. Kache, chano cha mahamri kichwani, alikuwa wa kwanza kutazama chini.

Komeo liliondoka. Bi Mwanatatu alitokea, uso haujalegea hata kidogo. Alizunguka mkokoteni, akavuta droo moja, akaisukuma, akavuta ya pili. Akaunusa ule mvule kwa ndani.

"Kamba hii imelegea," alisema hatimaye. "Ifunge vizuri. Njia ya kwenu ina mashimo."

Bi Nana, chini ya mtandio wake, akapiga kigelegele chembamba cha woga. Kikajibiwa na kingine, na kingine, mpaka kichochoro kizima.

Katikati ya kelele zile Sufyan aliukaribia ukuta, akasimama chini ya dirisha. Alijua yupo pale. Jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni.

"Swabra."

"Sijakusamehe," alijibu kutoka nyuma ya pazia.

"Najua."

"Nimebakiza siku sita, na zikiisha nitakuja nikiwa bado nimekasirika. Usidhani kigelegele kimemaliza."

"Njoo nazo hasira zako," Sufyan alisema. "Chumba sasa kina nafasi ya kuziweka."

Swabra alilifunga dirisha upesi, kwa sababu kicheko kilikuwa kimeshamfika kooni, na hakuwa tayari kumpa mumewe hicho pia siku moja na kitanda.